Malisho yapewe muda wa kupumzika

Mhariri,

Kila ukame unapokolea, sisi wakazi wa Nairobi huona ng'ombe wakilishwa kando ya barabara zetu, na wengi huwalaumu wafugaji kwa wingi wa mifugo. Naona lawama hiyo imepotoka. Nyasi za kudumu huliwa bila kufa, mradi zipate muda wa kuchipua na kurudisha akiba ya chakula shinani na mizizini. Zikiliwa mfululizo, mizizi hudhoofika, udongo hubaki wazi na kuwa mgumu, na mvua, ambayo tayari ni haba, hutiririka badala ya kupenya ardhini. Wamaasai tangu zamani hutenga olopololi, malisho ya ndama na mifugo dhaifu, nao Waborana wa Isiolo huongozwa na wazee wa dedha, wanaosimamia matumizi ya malisho. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kujiwekea kanuni za matumizi ya ardhi yao. Serikali za kaunti ziharakishe kuzisaidia jamii kuisajili ardhi hiyo na kusimamia ratiba za malisho, kabla vipande zaidi havijauzwa na kuzungushiwa seng'enge, kwani mfugaji asiye na pa kuhamia hawezi kupumzisha malisho yoyote.

Msomaji,
Nairobi