Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Meya: Tusitozwe Faini kwa Kukarabati

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa naandika nikiwa na hati mpya ya madai ya kodi ya jengo, iliyonifikia muda mfupi tu baada ya mafundi kumaliza ukarabati wa nyumba yangu. Mthamini alikuja, akaisifu kazi, akapiga picha, akaondoka. Kisha thamani ya nyumba ikapanda katika daftari, na kodi ikapanda nayo. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba jengo likiboreka, kodi huongezeka. Kumbe ningeliacha lioze ningekuwa nimebana matumizi.

Nyumba hii imeorodheshwa kuwa jengo la kihistoria, na tangu hapo siwezi kubadili hata dirisha bila kibali. Sipingi masharti hayo, ila kila moja lina gharama yake. Ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa haufai kupigwa lipu ya saruji, kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka na mwishowe mawe yenyewe huanza kumeguka. Kwa hiyo ni lazima nimtafute fundi anayeijua chokaa, na mafundi wa namna hiyo wamebaki wachache, nao wanaufahamu vizuri uchache wao. Dirisha la mbao lirudishiwe mbao, si alumini. Uzuri wa mtaa ni wa wote, lakini bili naletewa mimi peke yangu, na sasa nimeongezewa kodi juu yake.

Jirani yangu alikuwa na nyumba ya umri ule ule. Aliliacha paa livuje miaka nenda miaka rudi, hadi jengo likatangazwa kuwa la hatari na kubomolewa kwa kibali halali. Leo analipia kiwanja kitupu, kodi iliyo ndogo kuliko yangu. Pengine yeye ndiye aliyeielewa sera yetu ya urithi kuliko sisi sote.

Mheshimiwa, siku ulipozindua vibao vya majengo ya kihistoria ulituahidi hadharani kwamba unafuu wa kodi ungekuja na bajeti iliyofuata. Bajeti hiyo imepita, na vibao tunavyo. Nahisi, na unisahihishe kama sivyo, kwamba washauri wako wa fedha wamekutisha kuwa mapato yatapungua.

Wenzetu walishalipatia jambo hili ufumbuzi. Huko California, tangu mwaka 1972, sheria inayoitwa Mills Act huziruhusu serikali za mitaa kuingia na mwenye jengo mkataba wa angalau miaka 10, unaojihuisha kila mwaka: yeye anajifunga kulitunza na kukubali kukaguliwa, nazo hulithamini jengo kwa kipato linachoweza kuingiza badala ya bei ya soko. Katika jimbo la Washington, gharama za ukarabati ulioidhinishwa huondolewa katika thamani inayotozwa kodi kwa miaka 10, mradi zifikie robo ya thamani ya jengo na zitumike ndani ya miezi 24. Illinois nayo huizuia thamani isipande kwa miaka 8, kisha huipandisha hatua kwa hatua kwa miaka 4. Katika majimbo haya mawili ya mwisho, hazina hainyang'anywi kodi iliyokuwa ikiipata. Inasubiri tu nyongeza ambayo, bila mwenye nyumba kutoa fedha zake, isingekuwapo kabisa.

Sikuombi kunifutia kodi. Naomba thamani ya jengo lililoorodheshwa ibaki ile ya kabla ya ukarabati kwa miaka 10, na atakayezembea matunzo anyang'anywe nafuu hiyo. Ikiwa miaka 10 ni mingi mno, iwe 5. Ikiwa hata mitano ni mizito, basi simamisha hizi nyongeza hadi baraza la madiwani likae na kulijadili pendekezo hili, ambalo uliliahidi wewe mwenyewe. Hati niliyoletewa inayo tarehe ya mwisho ya kulipa na adhabu ya kuchelewa. Ahadi yako haina hata kimojawapo. Tafadhali, Mheshimiwa, ipangie kikao.

Wako mtiifu, na mlipakodi asiyedaiwa malimbikizo,

Mwenye jengo lililoorodheshwa