Shukrani kwa kaka wa Kibirizi

Kaka wa kofia nyekundu pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, jina sikulipata, ila ahsante sana. Ulinikuta nakwangua mguu wa alumini wa injini ya boti, ule unaozama majini, ukaacha safari yako ukashika msasa. Ukanieleza kwamba rangi yenye shaba ibaki kwenye mbao, kwa kuwa shaba na alumini zikikutana majini, inayoliwa ni alumini. Ukapaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, upesi, kabla alumini haijaota utando, ndipo rangi ikafuata. Kile kipande cha magnesiamu ukakiacha wazi: kazi yake kuliwa badala ya mguu, na kikipakwa rangi hakifanyi kitu. Halafu ukakataa hata hela ya soda! Samaki wako, migebuka, wapo, njoo uwachukue.