Meru au Mlima Kenya? Kura kabla ya Ijumaa

Habari zenu wanakikundi,

Safari ya Februari imebaki na milima miwili, na Ijumaa saa 2 usiku nafunga kura.

1. Mlima Meru, Tanzania (mita 4,562). Siku 3 au 4, tunalala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hutembea nasi kwa sababu ya nyati, kwa hiyo wale wa kupenda kutangulia, mtavumilia. Usiku wa kilele ni mgumu: ukingo wa kreta ni mwembamba, una mawe, na mnapanda gizani.

2. Mlima Kenya, Point Lenana (mita 4,985). Siku 4 au 5, tunapanda kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa njia ya Chogoria. Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, tuwaachie wenye kamba. Njia ni ndefu na baridi ni kali zaidi, lakini siku ya ziada husaidia mwili kuzoea hewa nyepesi. Na bonde la Gorges, na Ziwa Michaelson chini yake... mimi nimeshaegemea huku, msinifuate tu kwa heshima.

Februari ni kiangazi pande zote mbili, mvua kubwa huanza Machi.

Tafadhali jibu hapa: 1 au 2, siku ulizo nazo, na kama una begi la kulalia. Mwenye shida ya kifua au presha aniandikie pembeni. Mchango tutaupanga Jumapili saa 10 jioni kwa simu ya kikundi, wote tuwepo.