Nyimbo za usiku zinapigwa saa kumi na mbili asubuhi

Ndugu Mhariri,

Habari ya kazi. Mimi nina kibanda pale Buzuruga karibu na stendi, naingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo kabla hamjaendelea kusoma mjue kabisa anayeandika ni mmoja wa wakosaji.

Juzi asubuhi nimepanda haisi naelekea Igoma, saa kumi na mbili na nusu hivi, wanafunzi wamebanwa pale mlangoni na mabegi yao kama dagaa kwenye debe, na spika inapiga wimbo ambao jamaa anaeleza atakachomfanyia mwanamke, anaanzia kichwani anashuka nao, hafichi kitu. Katoto ka kike ka darasa la pili hivi, meno ya mbele hayajaota, kanaimba mstari kwa mstari hakakosei hata neno. Mama mmoja mtu mzima siti ya mbele akajifunga kanga upya akageukia dirishani. Mi nikasema ngoja nimwambie konda apunguze, nimefungua tu mdomo wimbo ukaisha, ikaingia sauti inasema "mikisi kali kutoka Buzuruga, flashi yako inajaa hapa hapa". Ni sauti yangu. Huwa naichomeka katikati ya nyimbo kama tangazo la biashara. Nilifunga mdomo mpaka Igoma.

Sasa kila likija hili swala watu wanasema Basata, Baraza la Sanaa la Taifa, wafungie. Jamani si tulishaona? Novemba 2018 Basata waliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliobeba jina la mji wetu, Mwanza, ule uliochukua jina la Nyegezi, mtaa wa watu hapa Mwanza, wakalichezea mpaka likawa neno la chumbani (nina shangazi yangu anakaa Nyegezi, mpaka leo akitaja anapokaa vijana wanacheka). Mwezi uliofuata wakaupiga jukwaani hapa hapa Mwanza, tarehe 18 Desemba Basata wakawazuia kufanya shoo, mapema 2019 wakafunguliwa. Mnajua kibandani kwangu kulitokea nini? Watu ambao hata hawakuwa na habari nao walikuja wanasema "niwekee ule uliofungiwa". Hata jina walikuwa hawalijui. Redio ikiambiwa acha inaacha mana ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na inaogopa faini, flashi yangu ina leseni gani?

Na mimi siko upande wa wale wanaotaka kila wimbo wa mapenzi ufutwe, hapana. Wazee wetu waliimba haya mambo. Taarabu imejaa mafumbo, mkubwa anaelewa anacheka, mtoto anasikia habari ya embe na maji ya kisima anaenda kucheza. Hata ngoma za Kisukuma, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wakishindana kule Bujora, vijembe vinatupwa vingine sio vya kurudia mbele ya mkwe. Lakini vina siku yake na uwanja wake, hakuna aliyekuwa anamfuata mtoto navyo njiani anaenda shule.

Kuna kitu nilisoma kwenye simu kikanikaa. Marekani watafiti wa taasisi ya RAND waliwafuatilia vijana 1,461 wa miaka 12 mpaka 17, matokeo yakatoka 2006, wakakuta waliokuwa wanasikiliza sana nyimbo zinazomfanya mwanamke kama chombo tu na mwanaume kama dume lisiloshiba ndo walioanza ngono mapema zaidi, ila nyimbo zinazotaja mapenzi bila kumdharau mtu hazikuonyesha hivo. Sasa wale ni Wamarekani na sio kwamba wimbo peke yake unampeleka mtu kitandani, mtoto ana kwao, ana marafiki, ana njaa pia. Ila hiyo ya dharau nikaielewa haraka mana naiona. Kuna dogo ananunua nyimbo kwangu toka yuko la sita, mia tano yake mkononi, shikamoo kaka. Sa hivi yuko kidato cha pili, wasichana wa darasani kwake anawaita "mizigo" na anawapa maksi wakipita barabarani. Maneno yale nayajua yako kwenye folda gani.

Wazazi nao tusijifiche. Mama anakuja Ijumaa, kaka niwekee nyimbo, Jumamosi mwanangu ana bethidei anatimiza miaka sita. Nikimwekea za watoto anarudi, "hizi zimepoa, weka zile zinazovuma." Jumamosi watoto wanashindanishwa kukata mauno mbele ya watu wazima wenye simu juu, anayeweza zaidi anapewa soda, halafu Jumatatu tunamlaumu msanii wa Dar ambaye hata huyo mtoto hamjui.

Madereva wanasema bila nyimbo hizo gari halijai. Uongo. Saa kumi na mbili asubuhi mtu wa Buhongwa anayewahi kazini anapanda lililokuja, hata likipiga taarifa ya habari, hata likinyamaza. Usiku hapo sawa, kuna ushindani, na abiria ni watu wazima wengi wao, sina ugomvi.

Toka siku ile nimetenganisha. Kila flashi ya gari naweka folda mbili, MCHANA na USIKU, na ile sauti yangu nimeitoa kwenye ya usiku, naona aibu bado. Wateja wawili wamenicheka wakaenda kibanda cha jirani, sawa tu. Naomba viongozi wa madereva waliangalie hili kwenye vikao vyao, asubuhi na mchana wanafunzi wanapotoka ipigwe ya mchana. Konda au dereva yeyote wa ruti zinazopita Buzuruga aje na flashi yake, folda ya MCHANA namjazia bure mpaka mwisho wa mwezi huu. Aje nayo tupu tu, virusi vya magari yenu vimeshaniua kompyuta mbili.

Muuza nyimbo,
Buzuruga, Mwanza