Hela ya Tabora: barua kwa shoga yangu wa Tanga

Dodoma,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. Julai hii baridi imetukalia vibaya, mwalimu mzima naingia darasani nimejitanda kitenge kichwani kama mgonjwa wa homa. Watoto hawajambo. Zabibu nilizokuahidi bado hazijaiva, usiniulize.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka. Unasema vita vya Mjerumani na Mwingereza ni historia yenu nyinyi watu wa bandarini, sisi wa bara tulisimuliwa tu. Na nyuki, hukosi kuwataja! Tangu chuoni ni hadithi ileile: askari wapatao 8,000 wa Mwingereza, wengi wao kutoka India, wanashuka Tanga Novemba 1914, von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, anawasubiri na watu kama 1,000, nyuki nao wanaingia vitani, Mwingereza anarudi melini ameacha bunduki na risasi chungu nzima. Haya, nyuki ni wenu. Sasa sikiliza nilichokikuta kwenye kasha la bibi.

Tulikuwa tunapanga vitu vyake baada ya matanga. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kulikuwa na sarafu ya shaba ya manjano, imetobolewa tundu na kipande cha uzi mweusi bado kimo. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hili enzi za Mjerumani) na mwaka 1916, pamoja na herufi T. Upande wa pili, 20 Heller. Bibi aliirithi kwa mama yake, ambaye aliivaa shingoni. Sisi wajukuu hatukuwahi kuuliza. Tulidhani ni pambo.

Ile T ni Tabora. Na jibu la kwa nini Tabora walichonga pesa liko kwenu baharini. Kabla ya vita sarafu za koloni zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Mwingereza alipoifunga pwani kwa manowari zake mwaka 1915, karibu hakikuingia kitu: si sarafu, si nguo, si dawa. Walijaribu. Kumbuka ile meli iliyoitwa Rubens, iliyojipenyeza Aprili 1915 hadi ghuba ya Manza, hapo juu yenu kidogo, ikapigwa mizinga ikawaka. Wajerumani wakabaki kuzamia na kuopoa risasi. Huko Amani, milimani kwenu, wakakaa wanatengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa magome ya miti. Pesa zikaadimika. Wakachapa noti za karatasi, kisha 1916 wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba waliipata kwenye vyuma chakavu na maganda ya mizinga. Hata dhahabu walichonga, sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, Iramba, hapa jirani zetu Singida. Hebu fikiri: Ulaya wanagombana, bandari inafungwa, na mtu wa Iramba anachimba dhahabu ya kuwalipa askari wa Kaisari.

(Na hili neno hela, tunalolililia kila tarehe 20 mshahara ukichelewa, ndilo hilohilo Heller lao. Wao walikwenda, neno likabaki linatudai.)

Lakini sikuandika kwa ajili ya sarafu. Naandika kwa ajili ya kilichokuja nyuma yake.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Watu wanaisifia, nami naisifia, ila reli ni mkono wa bandari: kinachoipata bandari kinatufikia kwa njia hiyohiyo. Makaburu wa Jenerali van Deventer, waliopigana upande wa Mwingereza, waliingia Kondoa Aprili 1916, mvua ikawazuia, wakakaa wanakula vya watu. Tarehe 29 Julai wakaichukua Dodoma. Mjerumani alipokuwa anarudi nyuma alikuwa amekwisha kukusanya ng'ombe na nafaka na wapagazi. Mwingereza alipofika naye akataka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mgogo ni ng'ombe na uwele, shoga. Ukimwondolea ng'ombe, akiba ya ghalani na vijana wa kulima kwa pigo moja, kinachobaki ni kumwomba Mungu mvua. Na mvua ikakataa.

Wazee waliuita mwaka huo Mtunya, ingawa haukuwa mwaka mmoja. Ni njaa ya 1917 mpaka 1920, na homa ya mafua ya dunia nzima ikapita katikati yake. Wanaoiandika wanakadiria walikufa watu 30,000 katika watu kama 150,000 wa Ugogo. Mmoja kwa watano. Bibi hakuwa na hesabu hizo. Yeye alikuwa na tabia moja tu: mtoto akigombania nyama sahanini alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ameona Mtunya?" Tulicheka. Sasa ndiyo naelewa kwa nini yeye hakucheka hata siku moja.

Kwa hiyo nikikusikia unasema vita vilipiganiwa Tanga siku nne vikaisha, roho inaniuma kidogo. Kwenu vilianza kwa mizinga. Kwetu viliendelea miaka minne bila mzinga kulia.

Haya, mdororo wa uchumi wa 1929 tutauita mkia wake, maana wewe unaujua kuliko mimi. Soko la Marekani lianguke, katani ya Tanga ishuke bei, na manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, kutoka Singida aambiwe arudi kwao hakuna kazi. Kodi ya serikali ikaendelea kudaiwa, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuwaambia wanafunzi. Kisha 1942 Mjapani anaiteka Ufilipino na Java, zilikotoka nyuzi za kamba, Waingereza wanakosa kamba, na manamba yuleyule aliyefukuzwa sasa anachukuliwa kwa lazima. Vita vya Korea navyo vikawapa mabwana wa katani miaka ya kunona. Kwa nini bei ya kamba ya Tanga ipangwe na ugomvi wa Manila na Seoul? Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza hivyo, nikamwambia akae chini kwanza nimeze mate.

Lakini mradi wa karanga wa Kongwa, hapa mkoani kwetu, ni wetu, huo huwezi kuninyang'anya. Vita vya Pili vimekwisha, Uingereza haina mafuta ya kupikia, wananchi wao wanapimiwa siagi. Mwaka 1946 wakaja wataalamu kuzunguka kwa wiki tisa, wakaenda kuandika kwamba tukilimiwa ekari zaidi ya milioni 3 za karanga mambo yatakuwa mazuri. Wiki tisa! Mzee yeyote wa Kongwa angewaambia bure kwamba mvua ya huku haina ahadi. Matrekta chakavu ya jeshi yakashushwa bandari ya Dar es Salaam mpaka ikaziba, vifaru vikageuzwa vya kung'olea visiki, na mibuyu ikawashinda. Udongo ukikauka ukawa saruji. Na nani unadhani aliwafukuza madereva kwenye mashine zao? Nyuki. Kwa hiyo nao tunao.

Januari 1951 wakaufunga mradi, pauni milioni 36 zimezama. Kule Mtwara walikuwa wameshaanza bandari nzima kwa ajili ya karanga za Nachingwea, huko huko kusini, na reli juu yake. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Kilichonifurahisha zaidi katika kusoma kwangu ni Septemba 1947. Vitu vilikuwa vimepanda bei kwa sababu ya vita, mshahara umelala palepale. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma, na mgomo ukapanda reli: Morogoro, Dodoma, Kongwa, mpaka Tabora. Njia ileile iliyoleta majeshi na matrekta. Safari hii ilileta neno la watu wenyewe.

Sasa naomba kitu. Yule bibi yako wa Chumbageni, kama bado ana kumbukumbu, muulize mama yake alisimulia nini kuhusu miaka bandari ilipofungwa: walivaa nini, walinunua kwa nini, chumvi walipata wapi. Muulize taratibu, usimkatize kama kawaida yako. Andika majibu kwa maneno yake, usinyooshe Kiswahili chake.

Hela yenyewe haiuzwi, usimwambie mumeo. Najua atanitafutia mnunuzi kabla ya Ijumaa. Nimeibadilishia uzi tu, ule mweusi ulikuwa unakatika. Zabibu nitazipakia kwenye basi Septemba, wewe nitumie nguru mkavu.

Wasalimie wote, na mtoto mdogo umbusu kwa niaba yangu.

Wako wa Dodoma