Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi): dizeli ikishavuta gesi, funguo haiizimi

Mheshimiwa, pole na majukumu. Mi ni fundi wa injini za dizeli, kazi zangu nyingi ni kwenye madepo ya mafuta hapa Dar, na kila geti bango ni lile lile, ZIMA INJINI ZIMA SIMU. Bango zuri tu, ila linachukulia kwamba injini itakubali kuzimika.

Injini ya petroli ukikata swichi umekata cheche, kwisha habari. Dizeli haina cheche, inawasha kwa kugandamiza hewa, kwa hiyo ukizima funguo umekata dizeli tu, sasa kama hewa inayovutwa ina mvuke wa petroli au gesi basi huo mvuke ndo unageuka mafuta yake, resi inapanda yenyewe, dereva anazungusha funguo weee haisikii, inanguruma mpaka ipasuke au iteme moto nje. Na huko nje ndo kuna wingu lote la mvuke.

Hii imeshaua watu. Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kilimwaga mafuta mepesi kupitia bomba la juu, pikapu ya dizeli ilikuwa imeachwa inaunguruma karibu na pale, ikaanza kupiga resi, wakajaribu kuizima ikagoma. Wachunguzi walisema yaelekea ndo iliyowasha moto. Watu 15 walikufa, majeruhi 180.

Dawa ipo na sio roketi, ni valvu ya kufunga hewa, inakaa kwenye bomba la hewa kati ya eya klina na injini, ikijifunga injini inakosa pumzi inakufa ndani ya sekunde chache hata kama imezungukwa na gesi. Ipo ya kuvuta kwa mkono na ipo inayojifunga yenyewe resi ikizidi. Wamarekani kwenye majukwaa yao ya mafuta baharini ni lazima, na kama injini haina mtu anayekaa nayo muda wote basi iwe ya kujifunga yenyewe. (Na jamani tusizibe mdomo wa hewa kwa mkono au tambara, turbo itavuta tambara na vidole.)

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye ukaguzi wa getini wanaangalia wavu wa cheche kwenye ekzosi, mtungi wa kuzimia moto, wengine mpaka buti, lakini sijaona anayefunua boneti aangalie bomba la hewa. Wekeni valvu hiyo iwe sharti kwa kila jenereta, kompresa, krini na gari la kunyonya mafuta linaloingia eneo la matangi, alafu ijaribiwe kabla haijaingia: injini ikiwa sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta), vuta valvu, izime. Isipozima, irudi ilikotoka. Mlinzi anafundishika hilo asubuhi moja, sema kwanza liwepo kwenye fomu.