Jumamosi: tunapapasa mawe kwanza

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane mwaloni Katonga, kabla jua halijawa kali. Safari hii hatuchongi vinyago, tunapapasa mawe na kunakili alama zake kwa udongo. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa, kina chake kinafika mita 1,470, lakini sisi tunataka vile vijistari na nyufa za mawe ya ufukweni ambazo kila siku tunazikanyaga tu. Unabonyeza udongo mbichi kwenye jiwe, unabandua taratibu, mikwaruzo yote imehamia. Kinyago changu cha mwezi jana kilipasuka, nilikianika juani kwa pupa (msicheke). Kwa hiyo kila mtu aje na kitambaa cha kulowesha na kufunikia udongo usikauke haraka. Udongo upo. Nani ana ndoo ya ziada?